Alama Ukingoni mwa Sarafu

Kambi ya Mwitundu
12 Februari 1950

Mpendwa baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na shikamoo ya mama umfikishie, hata akijifanya hasikii. Mimi sijambo, isipokuwa paa la bweni letu linavuja mpaka tunahamisha mikeka kama watu wa safari. Barua hii ikifika na harufu ya kuungua usishtuke. Kila karatasi inayotoka hapa hupigwa pasi ya moto isije ikawabebea ukoma wetu. Karani anaipiga kwa bidii utadhani ni shati lake la Noeli.

Habari kubwa ni dawa. Vile vidonge vyeupe vimenikubali. Mabaka ya mgongoni yamefifia, na mganga mkuu anasema ugonjwa unakufa. Ganzi ya vidole ndiyo haiondoki, wala haitaondoka. Nashika jembe, nashika kalamu, ila nisipotazama sijui nimeshika kipi.

Nakumbuka sana ile Epifania tulipocheza Papasa mara ya mwisho. Ulinifunga macho kwa kanga ya mama, ukaniwekea sarafu kiganjani kama ulivyofanya tangu sijang'oka meno ya utoto. Nilikuwa nazijua zako zote kwa ncha za vidole. Siku ile ukaniwekea ya Mwaka Mtakatifu wa 1925, nami nikasema ni ile ya fedha ya Jubilei ya 1933. Ukacheka. Ukaniwekea nyingine, nikakosea tena, na hukucheka tena. Mama alikasirika sana na sarafu zako, lakini mimi nazishukuru. Bila mchezo ule tungejua nikiwa sina pua.

Sasa sikiliza. Askofu amerudi kutoka Roma, na baada ya Pasaka atatutembelea. Inasemekana kila mgonjwa atapewa sarafu ya Mwaka Mtakatifu huu, ya shaba, yenye picha ya Mlango Mtakatifu unaofunguliwa Roma na kufungwa tena mwaka ukiisha. Nimeuliza kabla hujauliza: haina pete wala tundu la kupitishia uzi. Ni sarafu, si medali. Yangu ni yako.

Wako mwanao,
Koleta


Itobela
9 Machi 1950

Mwanangu Koleta,

Milele na milele, amina. Marahaba. Mama yako naye ameitika, kwa sauti ndogo, akiwa amegeukia chungu. Sisi wazima. Karanga zimekubali mwaka huu, mahindi yamekubali nusu. Barua yako niliinusa kwanza, kisha nikaisoma, kisha nikainusa tena.

Ulivyonijua! Medali nitaiweka wapi mimi? Kila shingo ya Mkristo hapa kwetu inaning'iniza medali, na senti zetu zenyewe zina matundu kama vifungo. Napenda kitu kizima, kilichotengenezwa kwa sikukuu moja tu kikaachwa hivyo hivyo. Watu hawaelewi. Juzi Bundala, jirani yetu, kaniletea riyali ya kale aliyoifukua njiani, penye kambi ya zamani ya misafara. Kaniuliza, "Katekista, huyu mama mnene ni mtakatifu gani?" Nikamwambia si mtakatifu, ni picha ya malkia wa Wazungu, ampeleke kwa sonara Abasi akamyeyushe bangili. Kanuna mpaka leo.

Noeli nilizitandaza sarafu kwenye kanga baada ya misa, watu wakaja kutazama kama kawaida. Ila wewe ndiwe uliyekuwa ukizipanga na kuzieleza. Mimi nilieleza vibaya, nikaziokota mapema. Nyumba imekuwa kimya, na sipendi.

Mikono yangu imekuwa mizito siku hizi, uzee huo. Nimevunja kibuyu cha maziwa cha mama yako, kanisema mpaka jua likazama.

Siku mganga akisema utoke, nitakuja mwenyewe. Likiwepo lori la Masele nitalipanda, lisipokuwepo nitatembea. Babu zako walipita hapa hapa mlangoni petu na pembe begani mpaka Bagamoyo, nami nishindwe kufika Mwitundu?

Ni mimi baba yako,
Kasimiri


Kambi ya Mwitundu
20 Aprili 1950

Mpendwa baba,

Tumsifu. Shikamoo. Mko wazima? Mama anaendeleaje na miguu yake? Mimi mzima, na leo neno hilo silisemi kwa mazoea.

Baba, ninatoka! Mganga mkuu amenikagua kuanzia kisogoni mpaka unyayoni, akasema nimepona. Wanaopona hapa hutolewa siku moja tu kwa mwaka, tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa. Kuna sharti. Lazima ndugu wa damu aje mwenyewe, aweke sahihi, kisha ampe mkono yule aliyepona, hapo langoni, mbele ya watu wote, ionekane kwamba nyumbani hawamwogopi. Asiyepewa mkono anarudi bwenini. Yuko mwanamke mmoja hapa, Amne, mtu wa Tabora mjini. Alipona zamani, kwa dawa ya mafuta iliyotumika kabla ya vidonge. Kila Agosti anavaa vizuri, anakaa langoni, na jioni anachukua ufagio anafagia mahali walipokanyaga ndugu za wenzake.

Sarafu ndiyo hii. Imechemshwa, mwambie mama imechemshwa mbele ya macho yangu. Na nimeifanyia ujanja. Kwa vile siwezi kuwapo tukacheza, nimechukua msumari na jiwe nikachonga alama ukingoni. Nilichonga asubuhi nzima, mpaka Amne akaniuliza kama natengeneza ufunguo. Usiitazame! Fumba macho kwanza, papasa, kisha uniandikie alama iko upande gani wa mlango. Ukipata, nitakukaangia karanga mwezi wa nane.

Wako mwanao anayekuja,
Koleta


Itobela
14 Mei 1950

Mwanangu Koleta,

Milele na milele. Marahaba sana. Hatujambo, mama yako anasumbuliwa na magoti tu.

Nimesoma habari ya kutoka kwako nikapiga magoti hapo hapo sokoni mbele ya lori la Masele, mpaka akazima injini akidhani nimeanguka. Mungu ashukuriwe.

Sarafu imefika salama. Ni nzuri kuliko zote nilizonazo, hata ile niliyobadilishana na mateka wa Kitaliano kwa jogoo. Nilifuata sharti lako. Nilikaa kibarazani, nikafumba macho, nikaipapasa pande zote mpaka mama yako akaniita kula mara mbili. Umenitania, mwanangu. Sarafu ni laini mzunguko mzima, haina hata mkwaruzo. Nimecheka peke yangu. Ni mtego mzuri, nami sikunaswa, kwa hiyo karanga zangu ziko pale pale.

Kuhusu Agosti tutapanga mavuno yakiisha. Mama yako bado ana wasiwasi wake, nawe unamjua.

Baba yako,
Kasimiri


Kambi ya Mwitundu
28 Mei 1950

Baba,

Shikamoo. Salamu nyingine leo sina.

Sikutega mtego wowote. Alama ipo. Nimeichonga kwa kina, inakwaruza hata ulimi, maana mimi niliijaribu kwa ulimi, vidole sina. Mtu mwenye vidole vizima angeisikia hata akiwa amevaa soksi mkononi. Nawe ulikuwa ukijua kwa kupapasa tu kama sarafu imewahi kuanguka kwenye jiwe.

Kwa hiyo hukuishika. Mmeipokea kwa koleo kama kaa la moto, mkaitupa ndani ya kopo, ukaketi ukaniandikia kwamba ni laini. Kama ni mama, ningeelewa. Wewe ulinifundisha kuhesabu kwa sarafu zako! Na sasa "tutapanga mavuno yakiisha."

Kama huwezi kushika sarafu niliyoishika mimi, utanipaje mkono langoni? Niambie ukweli mapema, nimwombe Amne ufagio wa pili.

Koleta


Itobela
3 Julai 1950

Mwanangu Koleta,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mwili wako ni mzima. Mama yako mzima. Mimi nitakueleza.

Niliishika. Naapa mbele ya altare ninayoitumikia. Niliishika jioni nzima.

Barua yako niliisoma kwa sauti, unajua sijui kusoma kimoyomoyo. Mama yako akasikia yote. Akasema kipande hiki cha shaba kimekuja kutugombanisha na mtoto, akakinyakua kwa pindo la kanga na kukitupa jikoni, katikati ya mafiga. Sikufikiri. Niliingiza mkono ndani ya makaa nikakitoa, nikakifuta majivu kwa kidole gumba. Mama yako ndiye aliyepiga kelele. Nikawa namuuliza, unalia nini? Kisha nikasikia harufu, nikatazama mkono.

Haukuuma, Koleta. Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye sarafu, na haikuuma hata kidogo.

Nikatoka nayo nje penye jua, nikaigeuzageuza machoni mpaka nikaiona alama yako, juu ya mlango, kubwa kama jino la panya. Mkono huu uliipapasa ukaniambia hakuna kitu, nami nikauamini. Tangu lini umekufa sijui. Kile kibuyu kilipovunjika nilisingizia uzee.

Usimwambie mganga. Nina sababu.

Baba yako,
Kasimiri


Kambi ya Mwitundu
11 Julai 1950

Baba yangu,

Shikamoo, baba. Shikamoo tena. Nisamehe. Nimelia mpaka Amne ameniletea maji ya kunywa.

Njoo. Usingoje mavuno wala Agosti, njoo na lori la wiki hii hii. Habari ya kunipokea mimi iache. Wewe hujui jeraha lisilouma linavyofanya, mimi naliona kila siku. Mtu analisahau, analilalia, nzi wanalitagia mayai, na siku anapolikumbuka limeshafika mfupani. Dawa ipo! Vidonge vile vile vilivyoniponya mimi. Lifunge kwa kitambaa safi, lioshe kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, na kila mara litazame kwa macho. Usiliulize kama linauma, halitakuambia.

Njoo baba, tafadhali.

Mwanao,
Koleta


Itobela
30 Julai 1950

Mwanangu,

Milele na milele. Marahaba, na hakuna cha kusamehe. Hasira yako ilikuwa ya haki, kosa lilikuwa la mkono.

Nimefikiri sana. Nikija leo nitaandikwa mgonjwa, na mgonjwa hawezi kumpokea mtu. Nani mwingine atakuja langoni tarehe kumi na tano? Wewe huna kaka wala dada, mimi sina ndugu aliyebaki. Mama yako nilimwomba, akasema atafika mpaka kwenye lori, hatashuka. Amne amefagia lango hilo tangu lini? Sitaki umsaidie.

Kwa hiyo utatangulia kutoka wewe, kisha nitaingia mimi. Mkono naufunga kwa kitambaa, naosha kama ulivyosema. Umevimba kidogo, na una harufu, lakini kanisani watu wanajua niliungua, ndivyo ilivyo. Misa ya Jumapili nimeshika kitabu kwa kushoto.

Siku hiyo usilie langoni, wasije wakatuuliza maswali.

Baba yako,
Kasimiri


Itobela
10 Septemba 1950

Mpendwa baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Unaendeleaje? Wamekupa bweni gani? Kama ni lile la karibu na kisima, hamishia mkeka upande wa dirisha, kule hakuvuji.

Ni ajabu kuandika kutoka hapa kwenda huko. Kila nikifumba macho naliona lango. Ulivaa kanzu ya altare juu ya suruali ya kazi. Mganga mkuu akakuuliza mkono umefanya nini, ukasema umeungua jikoni, wala hukudanganya. Ukaweka sahihi kwa kushoto. Kisha ukanipa mkono ule ule wa kulia, na kitambaa chake, nami nikaushika nikasikia harufu, nikacheka kwa nguvu ili watu watazame uso wangu. Nilipokanyaga nje ya lango, ukaanza kufungua kitambaa mbele ya mganga. Nilitaka kurudi. Masele ndiye aliyenishika bega akanipandisha lori.

Nyumbani napokewa. Mama anaongea nami vizuri, ila ananiwekea sahani yangu peke yake, na akiosha vyombo yangu inakaa mwisho. Sarafu zako ziko kwenye kopo lile lile. Watoto wamekuja kuziona mara moja, mama zao wakawaita.

Kuna jambo, baba. Masele ameniulizia kwa karani. Aliyewahi kuwa mgonjwa haruhusiwi kumpokea mgonjwa, hata akiwa mtoto wake. Kwa hiyo mimi sitaweza kukutoa. Najua ulijua. Aliyebaki ni mama tu. Nimemwomba aahidi kwamba siku yako ikifika atakuja langoni akupe mkono. Alikuwa anachambua karanga, akaendelea kuchambua.

Nitamwomba tena. Tuandikie.

Mwanao,
Koleta


Kambi ya Mwitundu
22 Oktoba 1950

Mwanangu Koleta,

Marahaba. Mwandiko utausamehe, ni wa mkono wa kushoto, bado uko chekechea. Wa kulia wameukata juu ya kifundo. Mganga amefanya alivyoweza, ila sumu ilikuwa imetangulia, na homa inapanda kila jioni. Vidonge navimeza. Amne ananiletea uji, ananitania kwamba yeye ni Mwislamu na ndiye anayemlisha katekista.

Mama yako usimlazimishe. Aliogopa kabla yako na kabla yangu. Bibi yake alipelekwa porini kwa ajili ya ugonjwa huu huu, mama yako akiwa mtoto, akamsikia akiita siku nyingi.

Sarafu ya Mlango ninayo hapa chini ya mto. Nimeichonga alama yangu, Amne akiishikilia. Zamu yako sasa. Haitatoka hapa nikiwa hai. Siku ikikufikia bila barua, usitazame kwanza. Papasa kwa namna unayoweza, kisha uniandikie alama yangu iko wapi. Uniandikie hata hivyo. Nimezoea kupata jibu.

Sijutii lango lile. Nakupenda, mwanangu.

Baba yako,
Kasimiri


Itobela
24 Desemba 1950

Mpendwa baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Sarafu imekuja leo. Masele ameileta ndani ya kopo la dawa, imechemshwa. Alivua kofia kabla ya kunipa. Hakukuwa na barua. Mama alikuwa kisimani.

Sikutazama. Nilikaa kibarazani pako, nikafumba macho, nikaiweka mdomoni. Yangu niliipata mara moja, juu ya mlango. Yako ilinisumbua. Nilizunguka mara nyingi, nikaanza kuogopa kwamba hata midomo yangu imekufa. Kisha nikaisikia. Iko chini kabisa, penye kizingiti, mahali mtu anapokanyaga akiingia. Umechonga vibaya, baba, kama panya mwenye jino bovu. Lakini ipo, nami nimepata.

Mama alirudi akanikuta hivyo. Hakuuliza imetoka wapi, labda alidhani umenitumia kwa ajili ya Noeli. Alitua ndoo, akakaa karibu yangu, akafumba macho mwenyewe, akanyoosha mkono mtupu. Nikamwekea. Aliipapasa muda mrefu, kwa vidole vyote, baba, bila kanga. Akasema, "Ziko mbili."

Nitamwambia kesho, baada ya misa. Leo nimeshindwa. Maana aliendelea kuishika, kisha akaniuliza siku ya kupokea watu kule kambini ni lini, kwamba magoti yake yanauma lakini akianza mapema atafika.

Nikamwambia ni Agosti.

Wako mwanao,
Koleta